Safari ya Yerusalemu iliyoishia Konstantinopoli

UPENDO: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Joachim, wiki iliyopita ulituacha mwaka 1198, Papa Innocent wa Tatu ametangaza Vita vya Msalaba vya Nne. Lengo ni kuutwaa Yerusalemu kutoka kwa Waislamu, kwa kupitia Misri. Sasa nieleze imekuwaje wakaishia kuupora Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mji mkuu wa dola ya Wagiriki, Wakristo wenzao.

JOACHIM: Dada Upendo, mimi naanzia kwenye deni. Mwaka 1201 wajumbe sita wa viongozi wa vita hivyo walikwenda Venice kukodi meli. Waliagiza nafasi za watu 33,500 na farasi 4,500, bei marki 85,000 za fedha, marki ikiwa kipimo cha uzito cha zamani. Venice ikaziunda. Kiangazi cha 1202 kilipofika, waliojitokeza ni kama theluthi tu.

UPENDO: Na bei ni ileile.

JOACHIM: Ileile! Wakachangishana, makabaila wakatoa mpaka vyombo vyao vya mezani vya dhahabu na fedha. Bado zikabaki marki 34,000. Wamekwama kisiwani Lido, mbele hawaendi, nyuma hawarudi. Ndipo mtawala wa Venice, Enrico Dandolo, mzee sana na kipofu, akawaambia: deni litasubiri, ila kwanza mtusaidie kuuteka Zara.

UPENDO: Zara ndiyo Zadar ya leo, huko Kroatia. Wakatoliki wale!

JOACHIM: Wakatoliki, tena chini ya mfalme wa Hungaria, ambaye naye alikuwa ameweka nadhiri ya msalaba. Venice ilikuwa inautaka mji huo kwa sababu ya biashara ya baharini. Novemba 1202 jeshi likauzingira. Unajua watu wa mji walifanya nini? Walitundika misalaba juu ya kuta zao.

UPENDO: Hebu tusimame hapo kidogo. Aliye nje ameshonewa msalaba begani, aliye ndani ametundika msalaba ukutani. Na bado wakapiga?

JOACHIM: Wakapiga. Abate mmoja, yaani mkuu wa monasteri, aitwaye Guy alisimama mbele ya wakubwa akawakataza kwa jina la Papa, kwamba hawa ni Wakristo na ninyi ni mahujaji. Kabaila mmoja, Simon de Montfort, akakataa kushiriki. Waliobaki wakauteka mji. Papa akawatenga na Kanisa. Baadaye wanamsalaba Wafaransa wakatubu wakasamehewa, lakini Venice haikuondolewa adhabu.

UPENDO: Mtu angetegemea waliosamehewa waende moja kwa moja Misri.

JOACHIM: Akaja kijana Alexios, mwana wa mfalme wa Konstantinopoli aliyepinduliwa na kutobolewa macho na ndugu yake mwenyewe. Ahadi zake: nirudishieni kiti cha baba yangu, nitawapa marki 200,000, nitawapa askari 10,000 wa kwenda nao, na Kanisa la Wagiriki nitaliweka chini ya Roma. Kwa watu wenye deni, hiyo ni sauti tamu mno.

UPENDO: Na hiyo ya Kanisa ndiyo iliyowapa kisingizio cha dini.

JOACHIM: Umeigusa penyewe. Julai 1203 baba akarudi kitini, na mwana akatawazwa pamoja naye. Lakini hazina ilikuwa tupu. Kijana akafikia kuyeyusha vyombo vya makanisa, wananchi wakamchukia, na mapema 1204 akanyongwa. Wanamsalaba wako nje ya kuta, hawajalipwa. Sasa sikiliza hili linaloniumiza kuliko yote. Machi, kabla hata ya kuingia, waliandikiana mkataba wa kugawana nyara na dola nzima. Aprili shambulio la kwanza likashindwa, wakaingiwa na hofu kwamba Mungu amewakataa. Maaskofu wao wakawahubiria kwamba vita hivi ni vya haki, kwa sababu Wagiriki wamejitenga na Roma. Askari wakaungama, wakapokea komunyo, halafu wakaenda.

UPENDO: Komunyo! Mimi Mkristo, hilo linanichoma.

JOACHIM: Walivunja kuta tarehe 12, na uporaji ukaendelea siku tatu. Mwandishi Mgiriki Niketas Choniates, aliyekuwepo, anasimulia kwamba nyumbu waliingizwa ndani ya Hagia Sophia, kanisa kuu la mji, kubebeshwa mali ya kanisa, na wengine wakateleza kwenye sakafu ya marumaru. Farasi wanne wa shaba wakapelekwa Venice, kanisa la San Marco. Dandolo alifariki mwaka uliofuata, akazikwa humohumo Hagia Sophia.

UPENDO: Na Papa?

JOACHIM: Kwanza alifurahia habari za ushindi. Alipopata undani wake akaandika kwa hasira kwamba Wagiriki sasa wana haki ya kuwachukia Walatini, yaani Wakristo wa upande wa Roma, kuliko mbwa. Wagiriki waliurudisha mji wao 1261, lakini kidonda kilibaki. Mwaka 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiwa Athens, alimwomba Mungu msamaha na kuutaja mji huo kwa jina.

UPENDO: Swali la mwisho. Yerusalemu, nani alifika?

JOACHIM: Jeshi lenyewe halikufika. Waliofika Nchi Takatifu ni wachache, wengi wao wale waliojitenga na wenzao njiani wakatafuta meli nyingine.