Lijumba la Roma: Haki Ilivyojengewa Nyumba ya Mawe

Mabibi na mabwana, tazameni picha hii iliyopigwa kutoka ng'ambo ya mto Tiber. Jina rasmi la jengo hili ni Jumba la Haki. Warumi huliita Palazzaccio, yaani lijumba, na hawasemi hivyo kwa kulisifu.

Majeshi ya Italia yaliuteka mji wa Roma Septemba 1870, na mwaka uliofuata ukawa makao makuu ya nchi. Dola changa ikajikuta ndani ya mji wa mapapa, ofisi zake nyingi zikipachikwa kwenye nyumba za watawa. Waziri wa Sheria, Giuseppe Zanardelli, akataka mahakama zipate jumba lao. Ndiye huyo ambaye sheria yake ya jinai ya 1889 iliifuta adhabu ya kifo kwa makosa yasiyo ya kijeshi. Mwaka huohuo ujenzi ukaanza, ramani ikiwa ya Guglielmo Calderini.

Kiwanja kilikuwa udongo wa mto, laini, umejaa maji. Ikabidi jengo zima litandikiwe jamvi nene la zege. Walipokuwa wakichimba msingi walikuta jeneza la mawe la msichana wa Kirumi, Crepereia Tryphaena, na pembeni yake mwanasesere wa pembe za ndovu ambaye viwiko na magoti yake vinakunjika. Mimi, kusema kweli, ningebadilisha nusu ya sanamu za jumba hili kwa mwanasesere huyo.

Maana sanamu zimo tele! Calderini alichota kwa wajenzi wa Renaisansi, enzi ya kufufua sanaa ya kale, akachota na kwa Baroko, mtindo wa madoido mengi uliofuata, kisha akavimimina vyote juu ya jiwe la travatino: nguzo, mashada, vichwa, ngao. Jumba limejaa kama kabati la vyombo vya bibi harusi. Huku mbele wameketi mabingwa wa sheria, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale, akiwamo, na mwanasheria Papinian pia, ambaye inasimuliwa aliuawa kwa kukataa kuyahalalisha mauaji aliyoyafanya mfalme Caracalla kwa ndugu yake. Hilo ni chaguo la kijasiri kwa mlango wa mahakama, lakini katika msongamano ule nani atamwona?

Ndani, ukumbi mkuu ulikabidhiwa Cesare Maccari auchoree historia ya sheria. Maccari huyu alikuwa ameshachora ukuta wa Seneti, katika Palazzo Madama, kati ya 1882 na 1888. Angalieni picha inayofuata. Ni ule ukuta wa Seneti: Cicero amesimama akimshtaki Catilina, aliyekula njama ya kuipindua serikali ya Roma ya kale. Wazee wa Seneti ya kale wamekaa upande mmoja wamebanana, na Catilina yuko peke yake, kichwa kainamisha, viti vya jirani vitupu. Vile viti vitupu vinasema kuliko mikono ya Cicero. Calderini hakuacha kiti kitupu hata kimoja.

Jumba lilifunguliwa 1911, na muda si mrefu bunge likaunda tume kuchunguza fedha zilivyotumika. Gari la shaba la farasi wanne, kazi ya Ettore Ximenes, likapandishwa juu ya paa 1926, uzito juu ya uzito. Kufikia 1970 hali ilikuwa ya hatari kiasi cha watu kuhamishwa. Ukarabati mkubwa ukafuata, na leo mahakama ya juu ya rufaa ya Italia inasikiliza kesi humo.