Lugha Isiyohitaji M wala N

Ndugu zangu, wengi wetu tumezoea kudhani kwamba hakuna lugha isiyo na nazali, yaani sauti za puani kama m na n. Basi twendeni Bougainville, Papua New Guinea, kwa wasemaji wa Kirotokas, watu elfu chache tu. Lahaja yao ya kati ina fonimu 11, yaani sauti zinazotofautisha maana, usipohesabu urefu wa irabu. Irabu ni tano kama zetu. Konsonanti ni p, t, k, na za ghuna, yaani zinazotetemesha koo, v, r, g. Zimeisha.

Sikilizeni: Osireitoarei avukava iava ururupavira toupasiveira. Yaani, macho ya bibi kizee yamefumba. Tafuteni nazali humo, hamtaipata. Kisha tazameni s na t. Kabla ya i tunasikia s: osi, pasi. Kabla ya o tunasikia t: to, tou. Hiyo ni fonimu moja, ila wanaiandika kwa herufi mbili, ndiyo maana alfabeti yao ina herufi 12.

Je, hawawezi kutamka m? Wanaweza sana. Wanaisimu Irwin na Jacqueline Firchow, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 1969, walieleza kwamba m yaweza kusikika mahali pa v, na n mahali pa r, maana isibadilike. Tena nazali husikika hasa mwenyeji anapomwiga mgeni anayejikongoja katika Kirotokas! Nasi katika Kiswahili tuna jambo la aina hiyo: ulimi, ndimi. L imekuwa d, wala hakuna anayeshtuka.

Linalonisisimua zaidi ni lahaja jirani ya Aita, ambayo mwanaisimu Stuart Robinson aliandika juu yake mwaka 2006. Huko m, n na ng' zinatofautisha maana, na konsonanti ni tisa. Sasa linganisheni. Ukijua neno la Aita lina b au m, unaweza kukisia kwamba lahaja ya kati italitamka kwa v. Ukianzia lahaja ya kati umekwama, kwa kuwa v hiyo haikwambii kama Aita wana b au m. Hakuna kanuni ya kuitenganisha. Kwa hiyo tofauti ilikuwepo zamani, Aita wakaitunza, na watu wa lahaja ya kati ndio waliounganisha sauti hizo mbili zikawa moja.