Funga alamu ya gari mwenyewe au lipa fundi? Tunafunga kwenye IST hapa Kirumba

Mwangaluka wana Mwanza, karibuni tena. Leo nina Toyota IST hapa nje ya duka Kirumba, upepo wa ziwa unapiga kwelikweli kwa hiyo maiki ikivuma mnivumilie. Watu mnauliza sana, kaka hii alamu nikinunua naweza kufunga mwenyewe au mpaka nilipe ufundi? Mimi alamu nauza na kufunga nafunga, na kazi hii naipenda kupita kiasi, kwa hiyo nakwambia kama ilivyo: gari ya funguo ya kawaida kama hii, ukiwa na mita na ukiwa huna haraka, unafunga. Gari ya batani ya kuwashia au haibridi peleka kwa fundi anayezijua, hapo usibishane.

Vifaa ni boksi la alamu na waya zake, king'ora, mita ya kupimia umeme, bisibisi, spana namba 10, chuma cha kuchomea risasi, ile mipira ya waya inayosinyaa kwa moto, na ziptai. Taa ya balbu ya kupimia waya iache nyumbani.

Toa negativu ya betri, kaa sekunde 90 ndo uanze kufungua. Toyota wenyewe ndo wanavyoelekeza, maana eabegi, ule mfuko wa hewa unaofyatuka gari ikigonga, inabaki na umeme hata betri ikiwa imetolewa. Waya za koti la njano chini ya usukani ni za eabegi, usiguse, usipime, usizisogelee. Ndo maana nimekataza taa ya balbu, inavuta umeme mwingi, ukigusisha pabaya eabegi inaweza kukufyatukia usoni. Kava la chini ni skrubu na klipu, vuta, limetoka, twende.

Sasa hapa ndo penyewe. Rudisha betri kwa muda, mita weka volti DC, ncha nyeusi kwenye bodi. Nyuma ya swichi ya funguo kuna waya nene kadhaa. Mmoja una volti 12 muda wote hata funguo ukitoa, huo ndo wa kulisha boksi. Mwingine unapata umeme funguo ikiwa ACC, wa redio huo. Mwingine ON. Mwingine unapata pale tu unapopiga stata. Boksi linataka ule wa ON, na watu wengi wanakosea hapa kwa sababu ukiweka funguo kwenye ON, wa redio na wa ON zote zinasoma 12, zinafanana kabisa. Dawa yake piga stata huku unaangalia mita. Wa redio unaanguka mpaka sifuri, wa ON unabaki, utashuka kidogo tu. Dogo piga stata... subiri, subiri, simu imeangalia paa. Sogeza. Jua linapiga kwenye kioo cha mita, weka mkono hapo. Piga tena. Mmeona? Imebaki kumi na kitu. Huo ndo wenyewe.

Narudia, piga stata ukiwa unaangalia mita. Gari zinaletwa hapa dukani kila mara, mtu anasema alamu mbovu, leo gari inawaka kesho inagoma, milango inajifunga yenyewe, ukifungua unakuta waya umeungwa kwa redio, kwa hiyo kila akipiga stata boksi linajua gari imezimwa. Alamu nzima, waya ndo sio. Na usifuate rangi za waya ulizoambiwa na jirani, fuata mita.

Waya wa mlango, wa Toyota nyingi unasoma 12 mlango ukifungwa na sifuri ukifunguliwa. Fungua milango yote minne mmoja mmoja, usiishie wa dereva. Indiketa ni waya 2, kushoto na kulia, hiyo haina shida.

Toa betri tena ndo uunge. Jamani kuunga. Usisokote waya ukazungusha tepu ukaondoka, gari inaanikwa juani Mwaloni kutwa nzima, gundi inayeyuka, tepu inaachia, waya wa moto unagusa bodi. Choma risasi, vuta mpira, upitishie moto. Angalia hii, risasi imeingia ndani ya nyuzi, haijakaa juu kama tone. Ukiiona imekaa kama tone rudia. Na fyuzi ya boksi iwe karibu na pale umeme unapotoka, siyo huko mwisho.

King'ora kiweke chini ya boneti mdomo uangalie chini maji yasituame, mbali na bomba la moshi. Waya upite kwenye mpira wa ukuta wa injini, bati tupu litaukata.

Rilei ya kukata stata, yaani swichi inayoamrishwa na umeme, kama huna uhakika hapa ndo ulipie fundi, hela hiyo haijapotea. Waya wa stata unaukata unapita miguu iliyoandikwa 30 na 87a, miguu 85 na 86 ndo inaamrishwa na boksi. Kata stata tu! Usikate umeme wa injini wala pampu ya mafuta. Rilei ikifa umekata stata, gari inayotembea inaendelea kutembea. Umekata injini, uko katikati ya daraja la Kigongo-Busisi unawahi Sengerema, inazima, usukani mzito, breki zinakosa nguvu. Hapana.

Ukienda kwa fundi muulize maungio anachoma au anasokota, fyuzi anaweka wapi, na rilei anakata waya gani. Akikwepa kujibu chukua gari yako. Bei ya alamu na bei ya ufundi zitajwe mbali mbali.

Mwisho kipimo cha betri. Mita weka ampea tundu la 10A, katikati ya negativu na waya wake, funga milango, weka alamu, acha gari itulie ndo usome. Hii yetu... dogo usifungue mlango! Haya imepiga, zima. Tusubiri tena. Eeh, iko chini ya miliampea 50, salama. Ikisoma 200 ni karibu ampea-saa 5 kwa siku nzima, gari ikilala wiki usitegemee iwake.

Kile kibatani kidogo cha kuzimia alamu rimoti ikiisha betri kifiche, ila mama watoto na dereva wako waonyeshe kilipo. Rimoti nyingi za hivi zinakula betri ya 27A, nunua ya akiba uweke nyumbani, siyo ndani ya gari.