Zulia la Sufu Lina Vipara na Mdudu Simwoni: Leo Nalijibu Swali Lenu

Habari zenu watazamaji wangu, wa nyumbani na wa ughaibuni. Leo sina utangulizi mrefu. Kila nikiweka video, hata ya mambo mengine kabisa, chini yake nakuta swali lilelile: zulia la sufu limeanza kuwa na vipara, mdudu haonekani, nifanyeje? Najua watakuwepo wa kusema tunajionyesha, watu wanatafuta kodi sisi tunaongelea mazulia. Wengine watasema hapa ni malalamiko tu. Semeni. Lakini aliyeuliza ana zulia lake, pengine aliachiwa na mamake, na linaliwa sasa hivi tunavyoongea. Huyo ndiye namjibu.

Mara nyingi mwenye kosa ni nondo wa nguo, yule mdudu mdogo mwenye mabawa anayefanana na kipepeo. Lakini nondo anayeruka mbele yako siye anayekula. Nondo mzima wa nguo hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na anachotafuta ni protini iliyomo kwenye sufu, manyoya na nywele. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50. Kwenye joto yanaanguliwa ndani ya siku 4 hadi 10, kisha kiwavi anakula miezi 2 au zaidi. Penye baridi na chakula kidogo anaweza kuvuta hata kupita miaka 2. Sasa wewe unapuliza dawa hewani. Umeua waliokwisha kutaga, na walaji wako chini wanaendelea.

Na wako chini kweli. Nondo huyu anakimbia mwanga, kwa hiyo yule anayezunguka taa yako usiku huenda ni wa aina nyingine. Sogeza sofa, ligeuze zulia, utazame mgongo wake chini ya miguu ya kabati na pembeni mwa ukuta. Utaona vifuko vyembamba kama utando, na punje ndogo mfano wa mchanga. Punje hizo ni kinyesi, na rangi yake hufuata sufu iliyoliwa: zulia jekundu, punje nyekundu. Viwavi wakila mafundo kwa nyuma, juu unaona zulia zima, halafu siku ukipitisha brashi manyoya yanatoka mafungu mafungu na zinabaki nyuzi za pamba za msingi. Pamba hawaihitaji, ndiyo maana inabaki.

Kitu cha kwanza cha kutumia nguvu zako ni mashine ya kufyonza vumbi, na uitumie polepole. Sehemu inayokanyagwa, mara moja kwa wiki inatosha. Palipofunikwa na fanicha ndipo penye kazi: sogeza vitu kila mwezi, fyonza juu, geuza, fyonza mgongo, kisha fyonza sakafu yenyewe na ufa ulio kati ya sakafu na ukuta, maana humo hujikusanya nywele za watu na za paka, na kiwavi anaishi kwa hizo hata zulia likiwa safi. Kwenye matamvua na zulia la zamani usitumie kichwa chenye brashi inayozunguka, kitanyofoa nyuzi. Ukimaliza, mfuko wa uchafu utoke nje ya nyumba saa hiyohiyo. Ukiuacha ndani ya mashine, mayai yataanguliwa humo humo.

Zulia dogo linaingia kwenye friza. Liwe kavu kabisa, likunje kama mkeka, litie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kwa utepe. Nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki 2. Watu huharakisha, wakasahau kwamba sufu inazuia baridi na katikati ya zulia lililokunjwa huchelewa kuganda. Ukilitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili, vinginevyo unyevu wa hewa utatua kwenye sufu baridi, na hapo umejiletea ukungu. Kubwa lisiloingia ni la kupeleka kwa wasafishaji. Ndiyo, ni ghali, sijasema rahisi. Waulize kabla wanatumia nini, wakuandikie.

Tukifika kwenye makaratasi naumia roho. Mtu analipa bima ya nyumba kila mwezi, zulia likiliwa anaambiwa uharibifu wa wadudu haumo. Bima nyingi ziko hivyo, na imeandikwa kwa herufi ndogo. Soma mkataba wako kabla hujaweka matumaini humo.

Kingine kinachoniudhi ni wauzaji wa harufu. Vipande vya mwerezi, mifuko ya lavenda, mtu ananunua akidhani amemaliza. Harufu hiyo inapungua kila siku, na kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya sufu hajali. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, ndiyo mbaya zaidi. Mvuke wake unafanya kazi kwenye chombo kilichofungwa tu. Ukitupa vidonge chini ya sofa, nondo hapati kitu, wanaovuta ni watoto wako. Mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa mtoto mchanga, chembe zake hizo zinaweza kuvunjika. Tafadhali sana.

Permetrini, dawa ya kuua wadudu, inaua kweli, ukiipitisha mgongoni mwa zulia na sakafuni. Ila kwa paka ni sumu, hivyo mwenye paka atafute njia nyingine. Ijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kisha bonyeza kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka.

Mitego ya gundi yenye feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume, ninaipenda, ila ijulikane kazi yake. Inakamata madume tu, haimalizi tatizo. Inakuonyesha chumba chenye wadudu. Weka mmoja kila chumba, hesabu kila wiki, badilisha chambo kila miezi 3 au kama pakiti inavyosema.

Kuhifadhi: safisha kwanza, kwa sababu jasho, mkojo na mabaki ya chakula ndivyo vinavyomlisha kiwavi vizuri. Likaushe, lizungushe kwenye bomba la kadibodi, usilikunje mara mbili, funika kwa shuka la pamba lililobana, halafu lifungue ulitazame kila baada ya miezi michache.

Haya ni ya kwangu mimi, nyumba hazifanani na mazulia hayafanani. La hariri au la kale sana mwone fundi kabla hujaligusa. Na mkinitumia picha, msinipigie ya juu tu. Geuzeni zulia, pigeni mgongo kwa karibu, mwanga utokee ubavuni, hapo nitaona kama ni nondo au ni uchakavu.