Msiangalie Gari Likiwa Juu

Ahsanteni. Waliowahi kunisikia wanajua ninaanzia wapi, na naona wawili kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Naanza na filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, na mbio zake za magari, kama kawaida yangu.

Hadithi yake mnaijua, naiacha. Nataka tuangalie gari. Ford Mustang ya kijani inashuka vilima vya San Francisco nyuma ya Dodge Charger nyeusi. Kila mteremko unapokutana na njia panda kuna kipande cha tambarare, na gari likifika pale na kasi yake, magurudumu yanaachana na lami. Sasa, likiwa juu msiliangalie. Hewani hata gari la karatasi hupendeza. Lingojeni litue. Pua inazama, shokapu zinagota, bodi inainuka na kuyumba, na dereva analirudisha njiani kabla mteremko mwingine haujamfika. Ni ule uzito ndio tunaoulipia tiketi. Kila aliyewahi kuparamia tuta bila kuliona anaukumbuka kiunoni.

Halafu kuna makosa, na hapo ndipo ninapopapenda. Charger inadondosha kofia za magurudumu zaidi ya nne. Gari lenye magurudumu manne! Kuna kigari cha Volkswagen, cha kijani nacho, wanakipita, wanakipita tena, na tena. Steve McQueen, mwigizaji mkuu aliyemo kwenye Mustang, anaingia kona na kasi iliyopitiliza, kona inamwacha, matairi yanafuka moshi, anapiga rivasi. Alikosea kweli, wakakiacha kipande kama kilivyo. Na mhariri, Frank Keller, akapewa Oscar! Kompyuta inayochora magari ya filamu haikosei kona mpaka mtu aiambie ikosee, na sisi tulioketi gizani tunamnusa huyo mtu.

Naona mmoja amekunja uso. Anataka kuniuliza: watu wafe ili wewe ufurahi? La hasha. Na tena usidhani naichukia kompyuta. Mwaka 1974, katika filamu ya James Bond, The Man with the Golden Gun, gari la AMC Hornet liliruka mto kwenye daraja lililovunjika, likajizungusha hewani mzunguko mzima, likatua kwa matairi. Kompyuta ndiyo iliyopiga hesabu: kasi, umbo la daraja, uzito wa gari pamoja na dereva. Usukani na kiti vilihamishiwa katikati ili gari lisielemee upande. Likarushwa mara moja tu, likafaulu. Kompyuta ilifanya kazi yake kabla ya kamera kuwashwa, ikakaa pembeni.

Wakaja kuharibu wenyewe. Mruko kama ule wakaubandika sauti ya filimbi, fyuuuu, kama katuni! Nimeilalamikia filimbi hiyo miaka nenda rudi na sijamaliza.

Naoneshwa saa. Haya, upesi. Filamu ya Ronin, 1998: baadhi ya magari yalikuwa na usukani upande wa kulia, dereva fundi anaendesha kweli, mwigizaji yuko kushoto ameshika usukani wa bandia ili aonekane ndiye anayeendesha. Kwa hiyo zile sura za hofu si za kuigiza sana. Filamu za Fast and Furious nilitaka nizisimulie tangu mbio za mitaani za 2001, haiwezekani tena. Jueni tu kwamba hata walipofika kudondosha magari kutoka kwenye ndege, mwaka 2015, walidondosha magari ya kweli. Na Oscar ya wabunifu wa michezo ya hatari? Itaanza na filamu za 2027. Miaka 59 baada ya Bullitt! Hilo ningelitengea mhadhara wake.

Fundi, zima taa, tuwekee kile kipande cha mteremko. Na wewe uliyekunja uso, sogea mbele. Shokapu za mbele, upande wa dereva.