Askari wa Mlangoni na Kitabu Chake

MWENDE: Karibuni tena kipindini, tuko Nairobi na mvua haijatuacha tangu asubuhi. Juma, jana ulinipigia saa tano usiku unacheka peke yako.

JUMA: Nilicheka nisije nikalia. Kuna kliniki ndogo ninayoitunzia tovuti. Nikafungua plagini ya ulinzi, yaani programu ndogo inayopachikwa kwenye tovuti kuzuia wadukuzi. Niliiweka mwenyewe, mwaka mzima sijaichungulia. Kila aliyepita yumo: anwani yake ya IP, yaani namba ya muunganisho wake wa intaneti, saa, simu aliyotumia, ukurasa aliousoma.

MWENDE: Si ndiyo kazi yake?

JUMA: Ndiyo. Lakini ukiingia majengo ya Moi Avenue, si askari anakuandika kitabuni? Jina, kitambulisho, simu. Kitabu kikijaa kinaenda wapi?

MWENDE: Mimi nimewahi kuuziwa njugu zimefungwa kwa karatasi yenye majina ya watu! (Kicheko)

JUMA: Basi plagini ndiyo askari huyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema hata kitambulishi cha mtandaoni kinaweza kumtambulisha mtu. Na hii ni kliniki, Mwende. Anwani ya IP kando ya ukurasa wa kupima Ukimwi, saa nane usiku. Hiyo si takataka ya kompyuta.

MWENDE: Kwa hivyo unaing'oa?

JUMA: Wapi! Sheria hiyohiyo inakudai uilinde tovuti. Nimezima sehemu inayoandika kila mgeni, nikabakisha majaribio ya kuingia kwa nenosiri tu, nayo yajifute baada ya siku 30. Hizo 30 ni zangu, sheria haikutaja. Kumsaka mdukuzi zinanitosha.

MWENDE: Na kitabu chenyewe kinakaa wapi?

JUMA: Kingine kwenye seva yetu, kingine kwa wenye plagini. Wordfence, kwa mfano, ni ya kampuni ya Marekani. Hapo data inaweza kuvuka mpaka, na wewe na anayekuchakatia data mnapaswa kuwa na mkataba wa maandishi. Sisi tunabofya "nakubali" tukimbilie chai.

MWENDE: Mwenye kliniki atakwambia yeye ni mdogo, Kamishna wa Data, yule msimamizi wa sheria hiyo, hamjui.

JUMA: Alishaniambia! Ni kweli mwenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa kujiandikisha kwa Kamishna. Ila wanaotibu watu hawamo kwenye msamaha huo. Na hata anayesamehewa, sheria yenyewe bado inamshika.

MWENDE: Tuseme mdukuzi amepita Ijumaa jioni.

JUMA: Ukishajua data imefikiwa na kuna mtu anaweza kuumia, una saa 72 kumwarifu Kamishna. Ukijua Ijumaa hiyohiyo, usingoje wikendi iishe, bwana.

MWENDE: Utajuaje sasa? Arifa za plagini zinamwendea nani?

JUMA: Hapo ndipo kicheko kilipotoka. Zilikuwa zinamwendea kijana wa atachimenti aliyeondoka Machi.

MWENDE: Na bado alikuwa anazipata?

JUMA: Hadi jana, saa tano usiku.