Bendi Isiyorudia Usiku wa Jana

Mhadhara uliotolewa Tanga, mbele ya wapenzi wa dansi na wanafunzi wa muziki

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimedokezwa hapo mlangoni kwamba baadhi yenu mlisikia neno "bendi" mkadhani leo kuna dansi. Dansi hakuna. Kuna mimi, na kuna redio kaseti hii mnayoiona mezani. Habari yake nitaifikia.

Nimeombwa nizungumzie muziki wa kubuni papo hapo. Nikikaa kwenye nadharia mtasinzia, kwa hiyo nitawasimulia bendi moja ya Marekani iitwayo Phish. Wangapi mmewahi kuisikia? Mikono mitatu. Mmoja ni wa mwanangu, huo hauhesabiki.

Wala msione haya. Hata huko kwao haijawahi kuingiza wimbo katika zile arobaini bora zinazotangazwa kila wiki. Lakini mwaka 2017 walipiga usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, ukumbi unaoingiza watu wanaokaribia elfu ishirini. Katika usiku huo 13 walipiga nyimbo 237, na hawakurudia hata mmoja. Kila usiku ulipewa ladha yake ya donati, na waliowahi mlangoni waligawiwa donati bure. Sisi hapa tungegawa mahamri na mbaazi, na sidhani kama kuna mtu angechelewa.

Sasa, bila nyimbo zao kuvuma redioni, walifikaje huko?

Walianza mwaka 1983, wanafunzi wa chuo kikuu mjini Burlington, jimbo la Vermont. Ni jimbo dogo la kaskazini, milima na ng'ombe wa maziwa. Ichukue Lushoto, imwagie theluji. Trey Anastasio alishika gitaa la solo, Mike Gordon besi, Jon Fishman ngoma. Page McConnell wa kinanda akajiunga mwaka 1985. Mjini hapo kulikuwa na baa, Nectar's, na mwenye baa aliwaachia jukwaa siku kadhaa mfululizo, seti mbili au tatu kwa usiku. Waliokuja Jumatatu ndio waliokuja Jumanne, na Jumatano hao hao. Mpiga muziki yeyote hapa anajua taabu hiyo. Ukipiga leo kama jana, yule wa meza ya mbele anakutazama kama mpishi aliyepasha kiporo.

Hapo ndipo walipolazimika kubuni. Na watu wengi hudhani kubuni ni kila mtu kufanya apendavyo. Nilidhani hivyo hivyo mpaka niliposoma jinsi hawa wanne walivyokuwa wakifanya mazoezi. Naomba nilieleze zoezi moja polepole, kwa sababu kama mtaondoka hapa na kitu kimoja, bora kiwe hiki.

Wanakaa chumbani, hakuna watazamaji. Mmoja anaanzisha kijisehemu kifupi, nota nne au tano, anakizungusha tu. Wa pili anatafuta chake kinachokaa juu ya kile. Asikiige, wala asikikanyage, atafute tundu lililobaki. Wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Kisha kila mmoja anasikiliza wale wengine watatu. Akiona wote wameacha kutafuta, wametulia, anatamka: "Hei." Hasemi hei kwa sababu yeye ametulia. Anasema kwa sababu amesikia wenzake wametulia. Hei zikitimia nne, zamu inahama: mtu mwingine anabadilisha kidogo alichokuwa akipiga, na wote wanaanza kutafuta upya. Saa nzima wanafanya hivyo, siku baada ya siku, kwa miaka.

Kwa hiyo mtu akikuambia hawa watu hupanda jukwaani bila mazoezi, mwambie wamefanya mazoezi kuliko bendi ya harusi. Tofauti ni kwamba wao walifanya mazoezi ya masikio.

(Swali kutoka ukumbini: si ndivyo walivyopiga magitaa ya zamani hapa?)

Mzee wangu, umenikatiza, lakini umenifikisha nilikokuwa nakwenda. Ndivyo hasa. Wasikilize wale ndugu wa Kinyonga. Wilson Peter na George Peter walipiga hapa hapa Tanga na Jamhuri Jazz katika miaka ya 1960, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakawa Nairobi wakijiita Simba Wanyika. Solo inaongea, ridhimu inaitikia katikati, besi inatembea chini yao, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Wimbo unaanza taratibu na maneno, kisha maneno yanakwisha na magitaa yanabaki na kazi yao. Hapo watu ndipo walipoinuka vitini.

Na hapo hapo ndipo santuri ilipowakatili. Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilibeba dakika tatu, nne hivi, upande mmoja. Wimbo wa dansi hauenei humo. Ndiyo maana zile santuri zetu zimeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili: upande mmoja maneno, unainuka, unageuza, upande wa pili magitaa. Fikiria uko katikati ya kucheza, ushamshika mtu mkono, halafu mtu anakwenda kugeuza sahani! Na hata baada ya kugeuza, unapata dakika chache tu za kitu ambacho ukumbini kiliendelea maadamu sakafu imejaa. Mpiga solo alitazama miguu ya watu. Miguu ikiendelea, naye anaendelea. Usiku huo ukiisha, umekwisha.

Wamarekani walikutana na ukuta huo huo. Kabla ya Phish walikuwapo wakubwa zao, Grateful Dead, walioanza California mwaka 1965. Jerry Garcia, mpiga solo wao, alikatika sehemu kubwa ya kidole cha kati cha mkono wa kulia tangu utotoni, na bado alipiga vile. Mwaka 1968 walitoa wimbo, Dark Star, kwenye santuri ndogo: haufiki dakika tatu. Mwaka uliofuata wakautoa tena kwenye santuri kubwa, safari hii umerekodiwa mbele ya watu: unapita dakika ishirini. Wimbo ni ule ule. Santuri ndogo ilikuwa imenasa mlango tu, nyumba ilibaki nje.

Mpaka hapo sisi na wao tuko sawa. Tulikoachana ni kwenye kaseti.

Washabiki wa Grateful Dead walikuwa wakiingia ukumbini na mashine za kurekodia, wengine wamezificha nguoni. Bendi nyingine ingewaita walinzi. Hawa, kufikia Oktoba 1984, waliwatengea wanaorekodi sehemu yao maalumu nyuma ya meza ya mitambo, na tiketi zao. Sharti likawa moja: badilishaneni, msiuze. Wewe una usiku wa Jumamosi, mimi nina wa Jumapili, tunapelekeana. Huna kitu? Tuma kaseti tupu na gharama ya stempu, mwenye nayo atakunakilia. Kaseti zikazunguka nchi nzima kwa posta, kila nakala ikiwa na mvumo zaidi ya ile ya kabla yake, na kila mtu akiandika kwa kalamu kwenye karatasi ya ndani: tarehe, mji, nyimbo zilivyofuatana.

Phish wakaufuata utaratibu huo. Na kupanda kwao, kwa maoni yangu, ndiko hapa kulikotokea. Kijana wa Colorado ambaye hajawahi kufika Vermont anapata kaseti kutoka kwa rafiki wa rafiki. Anapata ya pili, anagundua wimbo ule ule umekwenda njia nyingine kabisa. Akishagundua hilo, kaseti haimtoshi. Anataka kuwapo. Anajaza gari marafiki, anafuata bendi mji hadi mji, kwa sababu aliyelala Jumanne amekosa kitu ambacho Jumatano hakitarudiwa. Ule muziki wa bure ndio uliouza tiketi. Mwaka 1996 wakaandaa tamasha lao wenyewe kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga, Plattsburgh, New York, wakaja watu kama elfu sabini. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 walikuwa kusini, Florida, katika ardhi ya Waseminole, wenyeji wa asili wa huko. Walianza usiku wa manane, wakapiga bila kushuka jukwaani mpaka jua likachomoza. Zaidi ya saa saba. Wazee wangu mnaojua mikesha ya mpaka che, nadhani hamshangai sana.

Nisiwapake mafuta, hata hivyo. Kuna nyakati nawasikiliza dakika ishirini wanatafuta ufunguo gizani, na ufunguo hawaupati. Zamani hapa ukumbi ungekuwa umeshatoka nje kuvuta hewa. Dawa za kulevya nazo ziliwatafuna. Mwaka 2004 walitangaza kuvunja bendi, wakaaga kwa tamasha huko kwao Vermont. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope, ikatangazwa redioni kwamba magari yasije tena. Watu wakaegesha kando ya barabara kuu, wakashuka, wakatembea maili kadhaa na mahema mgongoni. Kwenda kusikiliza muziki ambao, kwa maelezo ya wengi waliokuwapo na hata wa wanabendi wenyewe, ulipigwa vibaya. Walirudiana mwaka 2009.

Hilo la vibaya lisiwapite. Usiku mbovu nao umehifadhiwa. Mwanafunzi wa leo anaweza kuusikia akajua bendi nzuri inavyoanguka.

Sisi tunacho nini? Tunazo santuri, tunazo kanda za Redio Tanzania, na namshukuru kila fundi aliyezitunza. Lakini hizo ni nyimbo zilizopangwa, zimepimwa dakika. Usiku wenyewe, saa saba za usiku, mpiga solo akiwa amelowa na mtu anapiga kelele asishushe gitaa, tunao wapi? Najua ya kujibu: mashine zilikuwa ghali, mwenye vyombo alikuwa tajiri mmoja na wapigaji vibarua wake, kesho wamenunuliwa na bendi nyingine. Kweli yote. Na bado, nyumba ngapi za Ngamiani zilikuwa na redio kaseti?

Kwetu ilikuwapo, hii hapa. Kaka yangu aliinunua, betri nne kubwa, mshipi begani. Mwaka 1986 aliingia nayo dansini na kuiweka chini ya kiti. Jina la bendi sitalitaja, kwa sababu sina hakika kama walijua wanarekodiwa. Alinasa upande mmoja mzima, dakika 30. Alivyorudi nyumbani alifanya walichofanya wale Wamarekani bila kuwasikia: akaandika tarehe. Kisha akachukua kisu, akavunja vile vijimeno viwili vya plastiki juu ya kaseti, ili asije mtu akaifuta.

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la tano. Wenye umri wenu mnajua mwaka ule Tanga kulikuwa na nini.

(Sauti: Coastal!)

Coastal Union, mabingwa wa Tanzania Bara! Basi kulikuwa na mechi inatangazwa, kaka hayupo, na mimi nataka sauti ya mtangazaji nimwonyeshe rafiki yangu. Kaseti tupu hakuna. Nikaitafuta yenye alama ndogo, nikaikuta hii. Ikagoma kurekodi. Nikaikagua, nikaona vitobo, nikakunja karatasi ya sigara mara nne nikaviziba. Kitufe chekundu kikaingia bila matata.

Kaka hakunipiga. Aliisikiliza yote kuanzia mwanzo, mtangazaji anapiga kelele, redio inakwaruza. Akaitoa, akaichomoa ile karatasi, akairudisha kwenye kasha lake. Mpaka anafariki hakuwahi kuniuliza.

Nimekuja nayo. Nimeshaizungusha mpaka karibu na mwisho, kwa sababu betri zangu siku ile ziliisha kabla ya mkanda. Mtasikia mtangazaji anazidi kwenda mbio na sauti inakuwa nyembamba kama ya mtoto, kisha "tak", kisha dansi. Kimebaki kama dakika moja na nusu. Ridhimu inasikika vizuri, iko karibu na kiti. Solo iko mbali kidogo. Katikati solo inanyamaza, na besi inapanda kitu ambacho mpaka leo sijakisikia katika santuri yoyote ya bendi ile, na ridhimu inabadilika kumfuata. Anayekohoa ni kaka.

Kijana, funga hilo feni. Haya, bonyeza.